Magitaa ya Zambia yavuma dunia nzima, majirani hatuyasikii

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 2024 rapa wa Marekani, Tyler, the Creator, alitoa albamu iitwayo Chromakopia, ambayo ilipanda hadi nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard. Ndani yake kuna wimbo uitwao Noid, wenye gitaa la umeme linalokwaruza kama msumeno na sauti za kiume zinazoimba kwa Kinyanja.

Sauti hizo zimechukuliwa kutoka Nizakupanga Ngozi, wimbo wa bendi ya Ngozi Family ya Zambia uliotoka mwaka 1977. Kiongozi wa bendi hiyo, Paul Ngozi, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Paul Dobson Nyirongo, alifariki dunia mwaka 1989. Miaka 35 baada ya kifo chake, gitaa lake lilikuwa linapigwa katika magari na vilabu vya Marekani, na wasikilizaji wengi hawakuwa na habari linatoka wapi.

Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na neno ngozi. Kwa Kinyanja, ngozi ni ajali au hatari. Jina la wimbo ule ni la vitisho, mtu anamwambia mwenzake kwamba atamletea balaa.

Kama habari hizi ni ngeni kwako, si ajabu. Sisi majirani tunaijua Zambia kwa malori yanayopanga foleni Tunduma na Nakonde, kwa shaba inayoshuka bandarini Dar es Salaam, kwa treni ya TAZARA na, kwa wale wenye umri, kwa kitambaa cheupe cha Mzee Kenneth Kaunda. Ni wachache kati yetu wanaojua kwamba katika miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa na mojawapo ya mandhari kubwa za muziki wa roki barani Afrika, yenye bendi, mashabiki na jina lake yenyewe: Zamrock. Mtangazaji wa redio Manasseh Phiri ndiye anayetajwa kulibuni jina hilo.

Leo albamu zile zimerudi sokoni. Zinachapishwa upya Marekani na Ulaya, na nakala za awali zinagombewa na wakusanyaji wa santuri wanaolipa mamia, hata maelfu, ya dola kwa sahani moja. Katika makala haya nimezisikiliza upya chache kati yake, na kufuata njia zilizopita kabla hazijafika huko. Njia hizo zinapita kwetu zaidi ya tunavyodhani.

Shaba, redio na agizo la Kaunda

Chanzo cha Zamrock ni shaba. Baada ya uhuru wa Oktoba 1964, madini hayo yaliiingizia Zambia zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni. Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya ilikuwa miji ya watu wenye mshahara wa kila mwezi, umeme na kumbi za starehe zilizojengwa na kampuni za migodi kwa ajili ya wafanyakazi wao. Kijana wa Copperbelt aliweza kumuona mtu akipiga gitaa la umeme kabla hajafikisha umri wa kunyoa ndevu.

Wazungu waliokuja kufanya kazi migodini walikuja na santuri zao. Usiku, redio iliyotangaza kutoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, ilileta muziki wa vijana wa Uingereza na Marekani hadi kituo hicho kilipofungwa mwaka 1975, mwaka wa uhuru wa Msumbiji. Kwa njia hizo vijana waliwajua Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath na Grand Funk Railroad. Mwaka 1970 James Brown mwenyewe alitua Zambia na kutumbuiza, na waliokuwa na mashaka kama muziki ni kazi ya mtu mzima wakapata jibu.

Kisha Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, akatoa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Nia bila shaka ilikuwa kulinda utamaduni, na huenda Ikulu ilitegemea ngoma za vijijini na nyimbo za kusifu umoja wa kitaifa. Vijana nao walikuwa na hesabu yao: roki ikipigwa na Mzambia ni muziki wa Zambia. Wakawasha vikuza sauti.

Hapo inafaa kutazama upande wetu wa mpaka. Novemba 1969, uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, mwaka uleule ambao Operesheni Vijana ilikuwa inawasaka wasichana wenye sketi fupi na wavulana wenye suruali za kubana. Bendi nyingi kubwa za dansi zililelewa na taasisi za umma: NUTA, Urafiki, Polisi, JKT. Muziki uliotoka huko ni hazina, wala siubezi. Lakini nchi mbili zilizokuwa na marais marafiki na sera zinazofanana za utamaduni zilifika mahali tofauti kabisa. Dar es Salaam ilikataza sauti fulani, na Lusaka ikadai kiasi fulani cha kazi ya nyumbani bila kusema iwe na sauti gani. Kwa maoni yangu, wanaoandaa kanuni za muziki wa nyumbani redioni leo, iwe Nairobi, Kampala au Dodoma, wangefaidika kuisoma tofauti hiyo kwa makini.

Kutoka saa moja jioni hadi saa nane usiku

Bendi iliyobeba bendera ya Zamrock ni WITCH. Neno hilo kwa Kiingereza ni mchawi, lakini wenyewe walisema ni kifupi cha maneno yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Safu yake iliyopata umaarufu ilikuwa na Chris Mbewe kwenye gitaa la solo, John Muma kwenye rithimu, Gedeon Mwamulenga kwenye besi, Boidi Sinkala kwenye dramu na mwimbaji Emanuel Chanda. Chanda, aliyelelewa na kaka yake mjini Kitwe, aliruka na kuserereka jukwaani mpaka mashabiki wakamfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Jina hilo lilipopita kwenye ulimi wa Kizambia likawa Jagari, nalo limemganda hadi leo.

Onyesho la WITCH lilianza saa 1 jioni na kuendelea hadi saa 8 usiku. Saa saba za muziki, watu wakiwa wima. Anayekumbuka kumbi za dansi za Dar es Salaam au Nairobi za enzi hizo hatashangaa, kwa sababu huku nako bendi ilipimwa kwa kukesha. Tofauti ni kwamba muziki wa dansi umejengwa kwa ajili ya kukesha: gitaa linazunguka polepole, wachezaji wanapumzika ndani ya wimbo. Roki ya umeme ni mbio za mita mia. Kuikimbia kwa saa saba kunahitaji mapafu ya mchimba madini, na wengi wa wasikilizaji walikuwa nayo.

Kwa kuwa nyimbo za kutunga wenyewe zilikuwa hazitoshi kujaza muda wote huo, bendi zilichanganya zao na za Wazungu, zikarefusha kipande kimoja cha gitaa mpaka kikageuka kitu kingine. Wanamuziki wa Zamrock walijifunza kutunga hapohapo, mbele ya watu waliokwisha kulipa kiingilio. Unaposikiliza santuri zao na kukuta wimbo unabadili mwendo ghafla katikati, hiyo ni tabia ya jukwaani iliyoingia studio.

Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nyakati nyingine polisi walihitajika kuwazuia mashabiki wasilifikie jukwaa. Osibisa, kundi la Waghana na Wakaribi lililokuwa na makao London, lilipokwenda Zambia, WITCH walipanda nao jukwaani. Paul Ngozi alikuwa na mbinu yake: alipiga gitaa kwa meno, kama alivyofanya Hendrix, kisha akaimba kwa Kinyanja habari za ndoa, ulevi na ubachela, mambo ambayo kila mtu ukumbini aliyaelewa bila mkalimani.

Hakuna rekodi rasmi ya usiku hata mmoja kati ya hizo iliyotolewa wakati ule. Uingereza na Marekani, roki ya miaka hiyo ina albamu za moja kwa moja kutoka jukwaani, ambazo baadhi ya mashabiki huziona bora kuliko za studio. Zambia ilikuwa na maonyesho ya namna hiyo, bila gari la kurekodia mlangoni. Kilichobaki ni kumbukumbu za wazee, picha chache na zile santuri.

Santuri zenyewe

Ya kwanza ya WITCH inaitwa Introduction, yaani utangulizi, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 na inayotajwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara kutolewa Zambia. Waliitoa wenyewe, na iliyofuata, In the Past ya 1974, vilevile. Waliziuza mkono kwa mkono. Ukizisikiliza kwa spika nzuri utacheka kidogo. Dramu inasikika kama iko chumba cha pili, kinanda kinapiga kelele kuliko mwimbaji, na gitaa linajaribu kutoboa ukuta. Vifaa vya studio vilikuwa duni, na hilo halifichiki. Lakini kuna furaha ndani yake, ile ya vijana waliopewa funguo za gari la baba.

Lazy Bones!! ya 1975 ni habari nyingine. Kama utasikiliza albamu moja tu ya Zamrock, nashauri iwe hiyo. Furaha imepungua, majina ya nyimbo yanataja machozi na yatima, na gitaa la Chris Mbewe linapita katika kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachoichuna sauti mpaka ikakwaruza, au katika kingine kinachoifanya ilie kama mtoto. Kwa masikio yangu, bendi hapa imeacha kuwaiga wakubwa wa London na inazungumza mambo yake. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka kwenye soko la dunia mwaka uliotangulia. Sitadai kwamba kila noti ya huzuni ina sababu ya kiuchumi, lakini miji ya migodi hutambua mapema mambo yanapoharibika.

Mwaka huohuo wa 1975 Amanaz walitoa albamu yao pekee ya enzi hiyo, Africa. Hii ni tulivu zaidi, muziki wa jioni. Imebaki katika michanganyo miwili: mmoja mkavu, ala zikiwa karibu na sikio, na mwingine uliojazwa mwangwi mpaka bendi inasikika kama inapigia pangoni. Mashabiki wamegawanyika kuhusu upi ni bora. Mimi niko upande wa mkavu. Wimbo Khala My Friend ni wa polepole na una uzito wa kuagana na mtu. Khala kwa Kinyanja ni kukaa, kubaki, na masikio ya Mswahili yanaudaka undugu wa neno hilo bila kufundishwa. Kuna na mwingine uitwao Kale, na huo hauhitaji hata tafsiri, kwani kale yao ndiyo kale yetu.

My Ancestors ya Chrissy Zebby Tembo, mpiga dramu aliyekuwa akiimba, inamtumia Paul Ngozi kwenye gitaa. Nzito, ya kutisha, bila mapambo. Wanaoipenda Black Sabbath waanzie hapo.

Njia ya Nairobi

Musi-O-Tunya walichukua jina lao kutoka yale maporomoko ya mto Zambezi ambayo wakoloni waliyaita Victoria na wenyeji wakayaita moshi unaonguruma. Wao walikuwa tofauti na wenzao. Ngoma za mkono na ala za kupuliza zilikaa pamoja na gitaa la roki, na lugha za Zambia zilikuwa na nafasi kubwa kuliko Kiingereza. Albamu yao Wings of Africa ya 1975 inachezeka hata kwa mtu asiyeipenda roki.

Kwa gazeti la ukanda huu, jambo la kuvutia zaidi ni mahali walipokwenda kutafuta maisha: Kenya. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa na kampuni za kimataifa za santuri, studio zenye vifaa bora, kiwanda cha kukandamiza santuri, na vilabu vilivyolipa bendi kila wiki. Musi-O-Tunya, pamoja na mwanzilishi wao Rikki Ililonga, walipiga na kurekodi huko. Baadaye Ililonga alitoa albamu yake mwenyewe, Zambia, mwaka 1975, na hatimaye akahamia Denmark. WITCH nao walizunguka nchi jirani, Kenya ikiwemo.

Hawakuwa peke yao katika barabara hiyo. Bendi ya Super Vox ya Lubumbashi ilitoka Zaire, ikapiga muziki Zambia, kisha mwaka 1974 ikatia nanga Nairobi, ambako ilijulikana kwa jina la Super Mazembe, yaani matingatinga makubwa. Hao ndio wenye Shauri Yako na Kasongo, wimbo ambao Wakenya waliurudisha kwa kishindo mwishoni mwa 2024. Kutoka Tanzania, waliokuwa Arusha Jazz walivuka mpaka na kuwa Simba Wanyika. Tanzania ilikuwa na Radio Tanzania iliyorekodi bendi kwenye kanda na kuzirusha hewani, lakini santuri haikuwa rahisi kuitengeneza nyumbani. Aliyetaka kuishika mkononi alielekea Nairobi.

Kwa maneno mengine, soko la pamoja la muziki lilikuwepo kabla ya itifaki zetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukabaki hivyo hadi 1983. Leo Zambia na Kenya zimo COMESA, Zambia na Tanzania zimo SADC, Tanzania na Kenya zimo Afrika Mashariki. Tuna mikutano mingi kuhusu mahindi na saruji. Muziki huonekana kwenye ratiba za mikutano hiyo wakati wa chakula cha jioni, viongozi wanapotumbuizwa.

Mambo yalivyoharibika

Mwanzo wa mwisho ulikuwa nje ya studio. Januari 1973 utawala wa Ian Smith ulifunga mpaka wa Rhodesia na Zambia, na bidhaa ikabidi zitafutiwe njia nyingine, hasa ya Dar es Salaam, wakati reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ikiwa bado inajengwa. Mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda. Kisha shaba ikaanguka. Nchi iliyoagiza nje kila kitu, kuanzia nyuzi za gitaa hadi malighafi ya santuri, ilikosa fedha za kuagizia.

Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa kusini, na ililipa kwa damu. Kati ya 1978 na 1979 ndege na makomandoo wa Rhodesia walishambulia hadi viunga vya Lusaka. Kulikuwa na amri za kutotoka nje na kuzima taa. Muziki uliozoea kuisha saa 8 usiku hauwezi kuishi katika mji unaofunga milango jua likizama, na baadhi ya maonyesho yalihamishiwa mchana. Jagari aliiacha bendi mwishoni mwa muongo huo akasomee ualimu, akawa mwalimu wa muziki. WITCH iliendelea na vijana wapya kwa mtindo wa disko. Paul Ngozi aliegemea kalindula, muziki wa nyumbani wa gitaa na ngoma, na akabaki kipenzi cha watu hadi kifo chake.

Halafu likaja janga la Ukimwi. Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigwa vibaya zaidi, na watu wa rika la wanamuziki hawa, waliokuwa na miaka 30 hadi 40 hivi, ndio waliovunwa kwa wingi. Katika ile safu ya watu watano ya WITCH, aliyebaki hai ni Jagari. Ilifika wakati alikuwa anachimba vito ili kujikimu, na vijana wa nchi yake hawakumjua.

Kurudi, na hesabu ya miaka 50

Waliomtafuta walikuwa wageni. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Amerika Kaskazini walianza kutoa upya albamu za Zamrock katika miaka ya 2000. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilifanya kazi kubwa kuliko wengine: ilikusanya albamu za WITCH katika kasha moja mwaka 2012, ikatoa mkusanyiko wa bendi mbalimbali mwaka 2017. Filamu ya maandishi kuhusu Jagari, iliyoongozwa na Gio Arlotta, ilitoka 2019. Wanamuziki vijana wa Uholanzi walijiunga naye, na WITCH ikarudi barabarani. Mwaka 2023 ilitoa Zango, iliyorekodiwa Lusaka, Jagari akiwa ameshavuka miaka 70. Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi ya disko, yumo. Yumo pia Sampa the Great, rapa aliyezaliwa Ndola na kukulia Botswana, ambaye katika ukubwa wake aligundua kwamba mzee wa familia yao, George Kunda, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ileile.

Ni habari njema, na waliozifufua kazi hizo wanastahili shukrani, maana hapa kwetu hakuna aliyejitokeza. Lakini tunapofurahi tuulize na suala la fedha.

Kila wimbo una haki mbili tofauti. Moja ni ya utunzi, ya aliyeandika maneno na sauti. Nyingine ni ya rekodi, ya aliyegharamia au kumiliki kile kilichonaswa studio. Msanii wa Marekani anayechukua kipande cha gitaa la 1977 anahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Katika ukanda wetu, bendi nyingi za miaka ya 1970 zilirekodi kwa malipo ya mara moja na kwa mikataba ya karatasi moja, au bila karatasi kabisa. Kampuni zilifungwa, zikauzwa, zikabadili majina. Mpiga besi alikufa, mjane akahama, watoto hawajui kama baba aliwahi kurekodi. Anapotokea mtu na mkataba mkononi, anayeweza kuthibitisha ndiye anayelipwa.

Saa nayo inakwenda. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unazitaka nchi wanachama ziilinde rekodi kwa angalau miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Umoja wa Ulaya umejiongezea hadi 70; Kenya, kwa mfano, imebaki na 50. Haki ya utunzi hudumu zaidi, angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi kwa kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne, hivyo ya Paul Ngozi inafika 2039. Zambia ina chama chake cha hakimiliki za muziki, ZAMCOPS, na Tanzania na Kenya nazo zina asasi zao. Wimbo uliotungwa Kitwe na kurekodiwa Nairobi, ukauzwa Ndola na kuchukuliwa Los Angeles, unapita mikononi mwa asasi nyingi, na kila moja ina orodha yake ya wanachama. Jina lisiloandikishwa halilipwi kokote.

Haya hayawahusu Wazambia peke yao. Kanda za Radio Tanzania ziko TBC, Dar es Salaam. Santuri za Wakongo na Watanzania waliorekodi Nairobi zimetawanyika kwa warithi wa kampuni zilizokufa. Wakusanyaji walewale waliokwenda Lusaka wamekuwa wakipita pia Nairobi na Dar es Salaam, mifuko mgongoni, wakinunua santuri za vumbi, na kesho mmoja wao atatoa kasha zuri lenye kijitabu cha picha.

Kwa nchi zinazofuata kiwango kile cha chini, rekodi za 1975, zikiwemo Africa ya Amanaz na Lazy Bones!! ya WITCH, kikomo chao ni 31 Desemba 2025. Nizakupanga Ngozi inayo hadi 31 Desemba 2027.